Dawa ya mistari mitatu: kwa nini sitaigawa tena

Mwaka jana rafiki yangu mmoja, mtu wa damu (yaani anasoma hematolojia), alisimama mbele ya jopo kutetea matokeo yake ya awali. Slaidi ya tisa ilikuwa picha ya hadubini: chembe nyekundu za damu za mtu mwenye afya, ziwe za kulinganishia na za wagonjwa watakaofuata. Mjumbe mmoja wa jopo, mzee mpole asiyependa kukatisha watu maneno, akanyanyua mkono.

"Samahani mwanangu, hizi ndizo za kawaida? Mbona zote ni duaradufu?"

Zilikuwa duaradufu kweli. Chembe nyekundu ya kawaida ni kisahani cha mviringo chenye kipenyo cha kama mikromita 7 hadi 8. Ikirefuka namna ile, mtu wa damu anaanza kufikiria maradhi ya kurithi ya utando wa chembe. Rafiki yangu aliganda. Picha hiyohiyo kwenye kompyuta mpakato yake ilikuwa na miduara safi kabisa, lakini jopo halikuwa linaangalia mpakato. Lilikuwa linaangalia runinga kubwa ya ukutani, na runinga ilikuwa imevuta kila kitu kwenda pembeni.

Hesabu yake ni fupi. Kompyuta ilikuwa inatuma picha ya pikseli 1024 kwa 768, uwiano wa 4 kwa 3. Runinga ni ya 16 kwa 9, na ilikuwa imewekwa ijaze kioo chote. Gawanya 16/9 kwa 4/3, unapata 1.33. Kila duara likapanuka kwa theluthi moja. Mbaya zaidi, ule mstari mdogo wa kipimo unaowekwa chini ya picha za hadubini nao umelala kwa mlalo, kwa hiyo ulipanuka pamoja na chembe. Ukipima chembe kwa mlalo unapata mikromita 7.5, safi. Ukigeuza mstari huohuo ukapima kwa wima unapata 5.6. Yaani picha ilikuwa inadanganya kwa kutumia rula yake yenyewe.

Jopo lilimpitisha, ila kwa sharti la kurudia vipimo vya picha zote na kuleta uthibitisho. Wiki tatu zikaenda hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya nyuma nikijua kwamba nina mkono wangu humo. Dakika kumi kabla ya kuanza aliona kwamba rezolusheni kubwa hazipo kwenye orodha, akatumia dawa niliyompa mimi, runinga ikawa nyeusi na kuandika kwamba mawimbi yako nje ya masafa, akahangaika kurudi alikotoka, na muda ukaisha. Makala haya ni uhakiki wa dawa hiyo. Nimeigawa kwa watu wengi, na nadhani wasomaji wengi wa ukurasa huu wanayo mahali fulani, kwenye daftari au kwenye simu.

Dawa yenyewe ni hii. Kwanza unaiambia programu ya `cvt` ikupigie hesabu ya rezolusheni unayoitaka, kisha unaandika mistari mitatu:

```
xrandr --newmode "1920x1080_60.00" 173.00 1920 2048 2248 2576 1080 1083 1088 1120 -hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 "1920x1080_60.00"
xrandr --output VGA-1 --mode "1920x1080_60.00"
```

Mstari wa kwanza unatunga rezolusheni mpya. Wa pili unaipachika kwenye tundu la VGA. Wa tatu unaiwasha. Ikikubali unajisikia fundi kweli, na hapo ndipo ilipo hatari yake, maana ikikubali mara mbili tatu hutauliza tena kwa nini rezolusheni ile haikuwepo tangu mwanzo. Sisi watu wa sayansi tunapiga kelele watu wasinywe dawa ya malaria bila kupima. Halafu tunarudi maabara, kioo kinakataa, tunameza mistari mitatu bila kipimo chochote.

Basi tupime. Orodha ya rezolusheni unayoiona kwenye dirisha la mipangilio inatoka wapi?

Linux haiitungi kichwani mwake. Inauliza. Mwaka 1994, VESA, chama cha kampuni kinachoweka viwango vya mambo ya vioo, kilitoa kiwango kinachoitwa EDID. Ni kadi ya utambulisho ya skrini, iliyokaa kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu ndani ya skrini yenyewe. Kadi ya msingi ni baiti 128 tu. SMS moja ina baiti 140, kwa hiyo skrini inajieleza kwa maneno machache kuliko SMS ya "nitumie kwenye namba hii". Inaanza na baiti nane zisizobadilika, 00 FF FF FF FF FF FF 00. Zinafuata herufi tatu za mtengenezaji, zilizobanwa kwa biti tano kila moja, mwaka wa kutengenezwa, upana na urefu wa kioo kwa sentimita, kisha nafasi nne za baiti 18 kila moja. Nafasi ya kwanza ndiyo inayotaja rezolusheni ambayo skrini inaipenda kuliko zote, na inaitaja kwa kina, hadi saa ya kurushia pikseli. Baiti ya mwisho ni ya uhakiki: jumlisha zote 128, gawanya kwa 256, baki lazima liwe sifuri. Lisipokuwa sifuri, kuna kitu kimeharibika njiani.

Sasa angalia kadi hii inasafirije kwenye kebo ya VGA, ile yenye plagi ya bluu na pini 15 katika safu tatu. Rangi nyekundu, kijani na bluu zinapita kwenye pini 1, 2 na 3. Kadi ya utambulisho inapita kwenye pini 12 na 15, nyaya nyingine kabisa, nyembamba. Kwa hiyo inawezekana rangi zikafika vizuri, picha ikang'aa, maandishi yakasomeka, na kadi isifike hata baiti moja. Hakuna atakayeishuku kebo, maana si picha inaonekana?

Kadi isipofika, kerneli ya Linux inafanya kitu cha busara. Ikishajua kwamba kuna skrini upande wa pili, inaweka orodha fupi ya rezolusheni salama ambazo karibu kila skrini inaweza kuzibeba, na orodha hiyo haizidi 1024 kwa 768. Ndiyo, namba ileile iliyozipanua chembe za rafiki yangu. Kwa hiyo ukichomeka skrini pana ya kisasa na orodha ikaishia 1024x768, namba hiyo yenyewe ni jibu la kipimo: kadi haijafika. (Isipokuwa kama ni projekta ya zamani ambayo kweli uwezo wake ni 1024 kwa 768. Hizo bado zimejaa madarasani, na hapo hakuna kilichopotea, umefika mwisho wa barabara tu.)

Kuthibitisha ni amri mbili:

```
cat /sys/class/drm/card0-VGA-1/status
cat /sys/class/drm/card0-VGA-1/edid | wc -c
```

Ya kwanza inakwambia kama kerneli inaona kitu kimechomekwa. Ya pili inahesabu baiti za kadi. Ukipata 128 au 256, kadi imefika. Ukipata 0, haijafika. Usitumie `ls -l` kuangalia ukubwa wa faili hilo, kwa sababu itakuonyesha sifuri siku zote hata kadi ikiwepo. Mimi ilinizungusha nusu saa nzima nikilaani draiva isiyo na kosa. Kwenye baadhi ya kompyuta utakuta `card1` badala ya `card0`, na tundu la HDMI kerneli inaliita `HDMI-A-1` wakati `xrandr` mara nyingi inaliita `HDMI-1`. Tofauti hiyo ndogo ya majina ndiyo inayofanya mtu anakili dawa ya mwenzake neno kwa neno na kuambiwa tundu halipo.

Tulipokuja kupima chumba kile baada ya utetezi, namba ilikuwa 0. Tukachomoa kebo inayotoka ukutani na kuitazama plagi. Safu ya tatu, pini ya pili kutoka pembeni, ilikuwa imelala kifudifudi. Pini 12. Nilipojaribu kuinyoosha kwa koleo ikakatika. Tukaleta kebo nyingine, tukaichomeka, na orodha nzima ikajitokeza yenyewe, 1920x1080 ikiwa juu kabisa. Hatukuandika mstari hata mmoja.

Kufikia hapo mtu anaweza kusema: sawa, dawa haikutibu chanzo, lakini kwa nini ilishindwa hata kutuliza maumivu? Runinga inabeba 1920 kwa 1080, na dawa iliomba 1920 kwa 1080. Kwa nini ikawa nyeusi?

Hapa ndipo ninapoona udhaifu mkubwa zaidi wa dawa hii, na hausemwi. Rezolusheni ni sehemu tu ya ombi. Ombi kamili lina pikseli zinazoonekana na pikseli zisizoonekana. Hizi za pili ni urithi wa runinga za kichogo. Mwale wa elektroni ulikuwa unachora mstari kutoka kushoto kwenda kulia, kisha unahitaji muda wa kurudi kushoto, na ukifika chini unahitaji muda wa kurudi juu. Muda huo unahesabiwa kama pikseli hewa. Vioo vya leo havina mwale wa kurudisha popote, lakini pikseli hewa bado zinasafirishwa.

Runinga nyingi zinataka 1920x1080 kwa kipimo cha runinga: pikseli 2200 kwa mstari na mistari 1125, ukijumlisha za hewa. 2200 mara 1125 mara 60 ni pikseli 148,500,000 kwa sekunde, yaani saa ya megahezi 148.5. Sasa rudi kwenye dawa. Ile `cvt`, usipoipa maelekezo zaidi, inapiga hesabu kwa ukarimu wa zama za kichogo: pikseli 2576 kwa mstari, mistari 1120. Kioo kinaonyesha pikseli 2,073,600, lakini kila picha inabeba 2,885,120. Zaidi ya laki nane ni hewa tupu. Saa inapanda hadi megahezi 173. Ndiyo ile 173.00 kwenye mstari wa kwanza wa dawa, namba ambayo sote tunainakili bila kuitazama.

Kebo mpya ilipoleta kadi ya runinga, niliisoma kwa programu ya `edid-decode`, ambayo inazigeuza zile baiti kuwa maneno. Ndani yake kulikuwa na mstari unaotaja kikomo cha saa ya pikseli: megahezi 150. Runinga ilikuwa inabeba 148.5 na kukataa 173, na ilikuwa imeliandika hilo wazi tangu siku iliyotoka kiwandani. Sisi tuliziba masikio yetu kwa pini iliyopinda, halafu tukapaza sauti.

Jambo hili haliishii kwenye VGA. DVI ya njia moja na matoleo ya kwanza ya HDMI yana kikomo cha megahezi 165. Megahezi 148.5 inapita, 173 haipiti. Ukitumia `cvt -r`, yenye hewa iliyopunguzwa, unapata megahezi 138.5 kwa rezolusheni ileile. Herufi moja tu, na watu wanaoigawa dawa hii hawaitaji. Mimi pia sikuitaja.

Tuseme kweli, dawa ina zama zake, na katika zama zake ilikuwa na heshima. Miaka ya mwanzo ya tisini watu wa Linux walikuwa wanaandika mistari hii kwa mkono kwa kila skrini, huku maelekezo yakiwaonya kwamba namba mbaya zinaweza kuunguza kioo cha kichogo. Ilikuwa kazi ya mtu mwenye kijitabu cha skrini yake mkononi. Tulichorithi ni mistari. Kijitabu hatukukirithi.

Zama hizo pia zilikuwa za mfumo wa X, na `xrandr` ni chombo cha X. Fedora ilianza kuja na Wayland kama chaguo la kwanza mwaka 2016, toleo la 25, na Ubuntu 22.04 inafanya hivyo kwenye kompyuta nyingi. Ndani ya Wayland, `xrandr` inaongea na mkalimani anayehudumia programu za zamani. Haiongei na skrini. Unaweza kuandika mistari yote mitatu kwa imani kubwa na isiguse kitu. Kabla ya kuanza, andika `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Ikijibu `wayland`, weka dawa mfukoni.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu kwa dalili ila ni tofauti kabisa. Ukiandika `xrandr` na jina la tundu likawa `default` tu, pamoja na lalamiko kuhusu gama, basi skrini ya nje haina kosa. Draiva ya picha yenyewe haijaamka. Mara nyingi kuna mtu aliweka neno `nomodeset` wakati wa kusakinisha ili apite kioo cheusi, akalisahau humo. Soma `/proc/cmdline` uone kama bado limo. Nimekutana na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeishi na kioo cha ukungu muhula mzima kwa sababu ya neno hilo moja, akijaribu dawa ya mistari mitatu kila wiki.

Na kuna mahali ambapo rezolusheni inakosekana kwa haki. Chukua vile visanduku vya USB-C vyenye matundu mengi, na skrini ya 4K. Mtu analalamika kwamba anapata 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde, kipanya kinakokota, na 60 haipo kwenye orodha. Kebo ya USB-C ina njia nne za mwendo kasi. Visanduku vingi vinachukua mbili kwa ajili ya USB na kuacha mbili kwa ajili ya picha. Kwa kasi ya DisplayPort 1.2, njia mbili zinabeba data halisi ya gigabiti 8.64 kwa sekunde. 4K kwa 60, hata ukipunguza hewa, inahitaji karibu gigabiti 12.8. Kwa 30 inahitaji kama 6.3. Hapo kadi imefika salama, kerneli imeisoma, imepiga hesabu ya barabara na kuona mzigo hautapita, ikaiondoa 60 kwenye orodha. Hakuna amri inayoongeza njia kwenye kebo. Chomeka skrini moja kwa moja kwenye kompyuta, au tafuta kisanduku kinachotoa njia zote nne kwa picha.

Vigawanyi vya mawimbi navyo ni wajanja. Kwenye kumbi nyingi mawimbi yanapita kwenye kisanduku kinachopeleka picha kwenye projekta na kwenye kioo kidogo cha mezani kwa mhadhiri. Kompyuta inauliza "wewe ni nani?" na anayejibu ni kisanduku, wakati mwingine kwa kadi ya kile kioo kidogo. Baiti zipo 128, hesabu ya uhakiki ni sawa, ila ni kadi ya mtu mwingine. Hapo soma jina lililomo ndani. Ukiona linataja kioo kisicho kile cha ukutani, umeshamjua mhusika.

Je, dawa ina mahali pake? Ndiyo, padogo: una mfumo wa X, kebo ya VGA imekufa pini ya mazungumzo, huna nyingine, na unazijua namba halisi za skrini yako. Kwa runinga ya 1920x1080, namba hizo ni 148.50 yenye jumla ya 2200 kwa 1125, au utokako la `cvt -r`. Hata hapo kuna njia ninayoiona bora. Nenda na kompyuta nyingine au kebo nyingine, soma kadi ya skrini ile mara moja, ihifadhi kama faili ndani ya `/lib/firmware/edid/`, kisha iambie kerneli wakati wa kuwaka:

```
drm.edid_firmware=VGA-1:edid/ukumbi.bin
```

Hii inafanya kazi kwenye X na kwenye Wayland, kwa sababu inaingia chini ya vyote viwili. (Hakikisha faili limo pia ndani ya initramfs, la sivyo draiva ikiamka mapema haitalikuta.) Na kompyuta inakuwa inatumia maneno ya skrini yenyewe. Hujatunga kitu.

Najua jibu la wengi: dakika kumi kabla ya kutetea, nani ana muda wa kuhesabu baiti? Lakini amri mbili za kupima ni fupi kuliko ule mstari wa kwanza wa dawa peke yake. Na ukishapata 0, unajua cha kufanya bila hata kugusa kompyuta tena: badilisha kebo, na kama haipo nyingine, chukua rimoti ya runinga uiweke kwenye 4 kwa 3. Kioo kitakuwa na pande mbili nyeusi, picha itakuwa na pikseli chache, na chembe zote zitakuwa duara. Rimoti ilikuwa mezani siku ile, mbele ya mwenyekiti wa jopo.

Lawama yangu ya mwisho siielekezi kwa wanafunzi. Mazingira ya mezani ya Linux yamependezwa sana miaka hii, na dirisha la mipangilio ya skrini sasa ni safi, lina vijimstatili viwili unavyovisogeza kwa kipanya. Kadi isipofika, dirisha hilo linakuonyesha orodha fupi na kunyamaza. Saa ikiwa kubwa kupita uwezo wa tundu, rezolusheni inatoweka bila neno. Na sababu inajulikana! Kadi ikifika na hesabu ya uhakiki isiyolingana, kerneli inalalamika kwenye `dmesg`. Kila rezolusheni inayokataliwa, kerneli inaipa sababu kwa jina, kwa mfano CLOCK_HIGH ikiwa saa ni kubwa mno. Ukitaka kuyaona, mpe mzizi, yaani yule mtumiaji mkuu wa mfumo, amri hii na uchomeke kebo upya:

```
echo 0x04 > /sys/module/drm/parameters/debug
```

Utaona zinapita kwenye `dmesg` moja baada ya nyingine, kila moja na sababu yake. Maelezo yote yapo, yamewekwa tu mahali ambapo mwanafunzi wa hematolojia hatafika kamwe. Sentensi moja chini ya ile orodha, "skrini hii haijajitambulisha, kagua kebo", ingeokoa wiki tatu za mtu. Wabunifu wanaogopa kumchanganya mtumiaji. Matokeo yake mtumiaji anakwenda kumeza mistari mitatu ya namba asizozielewa, na sidhani kama huko kuna unafuu wowote.

Kwa upande wangu nimeifuta dawa kwenye karatasi iliyobandikwa maabara kwetu. Mahali pake nimeandika zile amri mbili, na chini yake "rimoti: 4:3". Chumba kile kina kebo mpya. Ya zamani iko kwenye droo ya meza ya mbele, nimeifunga fundo katikati ili mtu asiyejua asije akaichomeka.